Jirani wa Mstari

Kama uliwahi kumaliza chochote Kenya hii, hata kozi ya kompyuta ya wiki 6, basi Yeremia 29:11 unao. Uliandikiwa kwenye kadi, ukachorewa kwenye keki, ukatumiwa na shangazi kwa WhatsApp saa kumi na moja alfajiri pamoja na picha ya maua ya waridi. Ni ule mstari ambao Mungu anasema anajua anachowawazia watu wake, na kwamba ni mema. Mimi nimeupokea mara mbili. Mara ya kwanza nikienda chuo kikuu. Mara ya pili nikitoka chuo hichohicho, mwaka wa pili, bila cheti, karo ikiwa imekwama na mimi mwenyewe nimechoka. Watu walewale, mstari uleule. Nikajiuliza, kwani huu mstari hauishangi muda?

Sasa fungua simu usome majirani zake. Aya ya 10 inasema hayo mema yatakuja baada ya miaka 70. Sabini! Ina maana wengi walioisikia ikisomwa walijua watazikwa hukohuko Babeli. Kwa sababu ilikuwa barua, tena barua kwa watu waliong'olewa Yerusalemu kwa nguvu na kupelekwa ugenini, huku nabii mwingine akiwaahidi kwamba miaka 2 tu haitaisha kabla mambo hayajarudi kama zamani. Yeremia anawaambia hapana. Na aya ya 5 inawapa kazi ya kufanya wakati wanangoja: wajenge, walime, wale walichopanda. Kwenye ardhi ya watu. Sijawahi kuona keki ya mahafali iliyoandikwa aya ya 10.

Simkejeli shangazi. Alinitumia kilicho bora alichokuwa nacho, na kuna usiku mmoja kwenye chumba cha kukodi ambapo maneno hayo yalikuja yenyewe, bila mimi kuyaita, nikalala. Hilo silikatai. Imani yangu siku hizi ni kama bando ya data, inaisha ghafla na sijui nani aliitumia, lakini mistari niliyokaririshwa nikiwa mtoto wa sande skuli haijaisha. Inakuja ikitaka. Na hapo ndipo swali linaponikamata: ukimpa mstari mmoja ufunguo wa nyumba yako, aingie saa yoyote bila kubisha, je, una wajibu wa kujua anatoka kwa nani, na majirani zake wanasema nini kumhusu?

Najua kizazi chetu kimefundishwa kudharau kukariri. Sisi watoto wa 8-4-4 tulikremu mpaka tukakinai, halafu wakubwa wakatugeukia wakasema shida yenu ni kwamba mnakremu. Mimi mwenyewe nilimeza sura nzima za vitabu usiku wa kuamkia mtihani, nikazitapika kwenye karatasi, na leo siwezi kukutajia hata kichwa cha habari. Hiyo si kukariri, ni kubeba mzigo wa mtu kutoka stendi moja mpaka nyingine. Kukariri kwa watu wa dini ni kitu kingine. Mzigo haushushwi.

Neno ambalo Biblia zetu zinalitafsiri kuwa kutafakari, pale Zaburi 1 na pale Yoshua 1, kwa Kiebrania ni hagah, na ni neno la mdomo kuliko la ubongo. Maana yake ni kunong'ona, kuguna. Isaya 31:4 inalitumia kwa simba aliye juu ya mawindo yake, ile sauti ya chini anayoitoa akiwa hataki kuondoka. Kwa hiyo mtu anayetafakari andiko, kwa picha ya hao wazee, hajakaa amefumba macho kama kwenye matangazo ya yoga. Anaguna. Ana nyama mdomoni. Huko Misri katika karne ya 4, kanuni za watawa wa Pakomio zilitaka kila aliye ndani ya nyumba ya watawa ajue angalau Zaburi na Agano Jipya kwa moyo, na walikuwa wakiyanong'ona huku wakifanya kazi za mikono. Baadaye watawa wa Ulaya wakaiita kazi hiyo kucheua, kama ng'ombe. Kila mfugaji wa nyanda zetu anajua ng'ombe hacheui alichokitamani tu. Anacheua alichokula.

Jirani yetu hapa mtaani Taveta ana kijana wa miaka 12 anayehifadhi Kurani. Watu wa pwani wanapaita anakosomea chuo, kwa hiyo nyumba moja imetoa mtu anayeenda chuo na ya pili imetoa mtu aliyekitoroka, na mama yake hachoki kunitania juu ya hilo. Nikiwa nje nikiandika, namsikia akirudia. Nilichojifunza kwake ni kwamba hachagui. Sura ya faraja na sura ya onyo zote anazipitia, neno kwa neno, na akiruka moja anarudishwa. Sisi Wakristo tuna uhuru zaidi, tunachuma. Na kila mtu huchuma tunda lililo upande wake wa ua.

Nimesema ua, na huku kwetu ua ni jambo zito, kwa hiyo wacha nikusimulie habari ya mstari mwingine uliosomwa kwenye nyika hii.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa shirika la CMS, alikuwa safarini kutoka Rabai, amepita milima ya Taita, anakata nyika kuelekea Uchagani. Ukipanda matatu leo kutoka Voi ukapita Mwatate, Bura na Maktau mpaka Taveta, upande ulioupita ndio huo. Asubuhi ile aliona weupe juu ya mlima. Kiongozi wake, Bwana Kheri, akamwambia ni baridi tu. Rebmann akang'amua kwamba ni theluji. Huko London, mwanajiografia mmoja aitwaye Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alimbishia kwa miaka. Hiyo ndiyo sehemu tuliyofundishwa shuleni.

Sehemu ambayo sikufundishwa iko kwenye shajara yake mwenyewe. Muda mfupi baada ya kuuona mlima alipumzika chini ya mti, akafungua Biblia yake ya Kiingereza. Alikuwa akisoma kwa mfululizo na zamu ilikuwa imefika Zaburi 111. Hakuichuma, ilimjia. Na akaandika kwamba mbele ya mlima ule, aya ya 6 ilimgusa kwa nguvu, kana kwamba imesema waziwazi jambo ambalo yeye alikuwa akilihisi tu kwa mbali. Aya ya 6 inahusu Mungu kuwadhihirishia watu wake uwezo wake pale alipowakabidhi mali iliyokuwa ya mataifa mengine.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliiweka simu chini. Mtu amekaa kwenye kivuli cha mti wetu, anauangalia mlima ambao sisi tunauona kila asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, ameshiba faraja ya kweli, na faraja yenyewe ni kwamba vitu vya wengine vitakuwa vya watu wake. Bwana Kheri yuko hapo kando. Sijui kama aliombwa kusomewa.

Simuoni Rebmann kama mwizi. Kwa yote aliyoyaandika, urithi aliouwazia ulikuwa wa roho za watu. Safari yake ya tatu, mwaka 1849, mtawala wa Machame alimkausha bidhaa zake zote kwa jina la zawadi, akarudi Rabai mikono mitupu. Alikaa Rabai mpaka 1875, akapofuka macho, akarudi kwao na kufa mwaka uliofuata. Huyo si mtu aliyerithi mataifa. Lakini maneno hayana adabu ya kukaa kwenye maana uliyoyapangia. Miaka 38 baada ya siku ile chini ya mti, mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka unaopita kando ya ziwa Jipe na kukata katikati ya Taveta na Uchaga. Mlima ukaenda Berlin, sisi tukaenda London. Mwaka 1915 sheria ya ardhi ya koloni ikahesabu hata ardhi walizokaa Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Waliofanya hayo sidhani walihitaji Zaburi. Ila walikuta watu wengi wa kwao ambao mioyo yao ilikuwa tayari imeshazoea wimbo huo.

Kuna kitu kuhusu Zaburi 111 ambacho tafsiri zetu haziwezi kukionyesha. Kwa Kiebrania imepangwa kwa alfabeti, kila kipande kinaanza na herufi inayofuata, herufi zote 22, kama tenzi za pwani zinazofuata alifu na be. Mpango wa namna hiyo unarahisisha kushika, na unashika yote. Ukiruka kipande, herufi inakosekana na ulimi wenyewe unajikwaa. Yaani aliyeitunga aliiwekea kufuli dhidi ya watu wa kuchuma. Na kipande kinachofuata mara tu baada ya ile aya ya 6 kinasema anachokitenda huyo Mungu ni cha kweli na cha haki. Hapo ndipo ningependa Rebmann angeguna zaidi. Ningependa awe kama yule simba, asitoke, mpaka urithi na haki vigombane mdomoni mwake.

Nyanya yangu ana zaburi yake pia, na kwa bahati ambayo hakuna aliyeipanga, nayo ni ya alfabeti. Zaburi 37. Anaijua yote, aya 40, kwa Kiswahili cha Biblia ya 1952 ambacho mimi mpaka leo nakisikia kama sauti yake na si sauti ya kitabu. Aliipata kwa mama yake, kwa kuimba-imba shambani. Mstari wake hasa ni ule wa 11, unaoahidi kwamba mwishowe nchi itabaki mikononi mwa watu wasio na makuu, ule ambao Yesu aliuazima kwenye mahubiri ya mlimani. Kurithi nchi kunatajwa mara 5 ndani ya hiyo zaburi moja. Nyanya analima migomba na nyanya (ndiyo, nyanya analima nyanya, tumeshacheka tukamaliza) kwenye shamba linalopata maji ya mfereji. Mama yake alilima hapohapo. Hati hana. Mama yake hakuwa nayo.

Ukiwa mgeni Taveta utadhani ni mji wa ndizi na lori. Siku ya soko huoni kingine. Lakini kaa wiki moja na utasikia neno hati mara nyingi kuliko neno ndizi. Mashamba makubwa ya mkonge upande huu, watu wanaoitwa maskwota pale walipozaliwa upande ule, na kila uchaguzi mtu anapanda jukwaani na kuahidi kulimaliza. Sitaingia humo, kuna watu wanaojua kuliko mimi. Ninachotaka kusema ni kwamba katikati ya hayo yote kuna mwanamke wa miaka 70 na kitu anayeamka saa kumi usiku, anawasha jiko, na kunong'ona kwamba wapole ndio watakaoipata.

Nilipotoka chuo nilirudi kukaa naye, na ile minong'ono ilianza kunikera. Nilikuwa nimesoma kidogo tu, lakini kilichotosha kujua kwamba kuna watu wamewahi kuita dini bangi ya maskini, na niliona mfano wake uko jikoni ukimenya viazi. Asubuhi moja nikamuuliza. Kwa heshima, lakini nikamuuliza.

"Nyanya, huoni kama hiyo zaburi ndiyo imekufanya ungoje hivi?"

Hakukasirika. Alifuta mikono kwenye leso, akaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti lililokula kutu. Ndani kulikuwa na karatasi. Nakala za barua kwa ofisi za ardhi, zilizoandikwa na watu tofauti kwa miandiko tofauti, kwa sababu yeye kuandika si sana. Risiti za michango ya wakili wa kikundi. Picha ya watu wamesimama mbele ya ofisi, yeye wa pili kutoka kushoto, kijana kuliko mama yangu alivyo sasa.

"Ulidhani nilikuwa nimekaa tu?" akasema. "Zaburi ni ya usiku, mjukuu wangu. Barua ni ya mchana."

Ni jibu zuri, na ningekuwa naandika makala mbaya ningeishia hapo. Lakini sikutosheka nalo, na sijatosheka mpaka leo. Mama yake naye alikuwa na zaburi ya usiku, na alizikwa kando ya shamba ambalo kwenye karatasi si lake. Kuna usiku mrefu mno. Na kuna watu, nawajua, wanaopenda sana maskini wakariri Zaburi 37:11, kwa sababu mtu mpole hapigi kelele mkutanoni. Wao wenyewe hawaikariri. Wana Yeremia 29:11.

Kitu pekee ninachoweza kukisema kwa uhakika kidogo ni hiki. Nyanya na Rebmann wote wawili walikuwa na mstari juu ya urithi, wote waliamini, wote walifarijika, na mlima ulikuwa uleule. Tofauti ninayoiona haiko kwenye imani yao, iko kwenye bili. Rebmann akiwa ameuelewa mstari wake vibaya, anayelipa ni mtu mwingine, mtu kama Bwana Kheri na wajukuu wa wajukuu zake. Nyanya akiwa ameuelewa wake vibaya, analipa yeye. Ndiyo maana faraja ya mmoja inanitisha na faraja ya mwingine inanihuzunisha tu. Lakini hata hapo hesabu haikai sawa, kwa sababu sisi wajukuu wa Nyanya tumo kwenye bili yake, na hatukuulizwa. Nilimwambia hivyo pia. Akasema yeye pia hakuulizwa, akaniomba nichukue ndoo.

Nimeona kipimo kingine, kidogo, cha vitendo, ambacho nakitumia kwa mistari yangu mwenyewe. Mwaka 2020, wakati dunia nzima imefungiwa ndani, programu ya YouVersion ilitangaza kwamba Isaya 41:10 ndio mstari wake wa mwaka, ule wa kuambiwa usiogope. Ninaelewa kabisa, hata mimi niliogopa. Lakini nakariri sasa kwa sheria moja: hakuna mstari unaoingia peke yake. Lazima uje na wa kabla yake na wa baada yake. Mara nyingine huyo jirani ananiudhi, na nimegundua kwamba mistari ninayoicheua kwa muda mrefu zaidi ni ile ambayo jirani yake aliniudhi. Ule wa faraja tupu unayeyuka kama peremende. Yeremia wangu siku hizi ananijia na aya ya 5 na ya 10 pamoja, na nikiwa sina kazi ya kuandika mwezi mzima, inayonisaidia ni ya 5. Naenda kumwagilia migomba.

Miezi michache iliyopita kamati ilianza kupita kwenye mashamba ya upande wetu kuorodhesha wanaokaa na kulima. Hakuna anayejua orodha itafika wapi, orodha zimewahi kuwepo. Walipofika kwa Nyanya, mmoja wao akapendekeza jina liandikwe la mjomba, ambaye anafanya kazi Mombasa na hajashika jembe hapa tangu apate simu yake ya kwanza, kwa sababu yeye ni mwanamume na mambo yatakwenda haraka. Nyanya akawapa chai, akawaambia warudi wiki ijayo, atakuwa amefikiria.

Jioni hiyo akaniomba nimtafutie Hesabu 27. Ni habari ya mabinti watano ambao baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, wakaenda kusimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakadai fungu la ardhi la baba yao. Musa akaenda kumuuliza Mungu, na jibu likarudi kwamba mabinti wako sahihi. Nyanya aliwahi kuisikia ikihubiriwa, hakuwa ameishika. Sasa anaishika. Kila usiku baada ya kula ananipa Biblia niifuatilie na kidole, yeye anasema bila kuangalia, nami kazi yangu ni kumsimamisha akiruka. Kamati imeshakuja mara moja, ikaambiwa bado. Hadithi yenyewe ameimaliza, na majibu ya Mungu anayasema kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika jikoni. Kinachomsumbua ni majina yao. Mahla anaye, Noa anaye, Milka na Tirza wanamjia bila shida. Hogla humponyoka kila mara, na hakubali kuendelea bila yeye, kwa hiyo tunaanza tena.